Paa Lako Lina Miaka Mingapi?

Kusini-magharibi mwa Florida, mtu akikukaribisha kwake, kabla hujavua viatu utaambiwa paa lake limeezekwa mwaka gani. Mimi niliambiwa nikiwa bado kwenye maegesho ya uwanja wa ndege wa Fort Myers, shemeji akihangaika kulisukuma begi langu ndani ya buti. "Paa letu la 2023, shemeji," alisema, kwa sauti ya mzazi anayetangaza matokeo ya mwanawe. Nikampa hongera, maana sikujua kingine cha kusema. Haukupita muda nikawa naujua umri wa paa la jirani wa kulia, la jirani wa kushoto, na la duka wanakonunua nyama.

Sababu niliielewa baadaye. Paa likivuka miaka 15, kampuni za bima huanza kukohoa. Sheria ya jimbo ya mwaka 2022 inakataza kumnyima mtu bima kwa sababu tu ya umri wa paa ikiwa halijafika miaka hiyo. Likishafika, mwenye nyumba anaruhusiwa kuleta mkaguzi athibitishe kwamba bado lina angalau miaka mitano mbele yake. Akishindwa, aezeke upya kwa makumi ya maelfu ya dola, au akatafute bima kwingine. Na huko kwingine hakuna milango mingi.

Ilikuwa Machi 2025. Dada yangu ni muuguzi wa zamu za usiku. Mumewe, mtu wa Mombasa, ni fundi wa viyoyozi, kazi ambayo kwa joto la huku haina mwezi wa njaa. Mwaka 2016 walinunua nyumba Cape Coral, ng'ambo ya mto Caloosahatchee ukitoka Fort Myers: vyumba vitatu, kuta za matofali ya saruji, na nyuma yake mfereji wa maji ya kijani ambamo samaki huruka usiku ukadhani mtu anarusha mawe.

Mifereji ya Cape Coral, ukiiunganisha yote, inazidi kilomita 640. Si ya Mungu. Mwaka 1957 ndugu wawili wa Baltimore, Leonard na Jack Rosen, waliokuwa wametajirika kwa kuuza dawa ya nywele kwenye televisheni, walinunua rasi ya vinamasi na misonobari. Wakachimba mifereji, udongo uliotoka humo wakainulia viwanja, kisha viwanja wakaviuza kwa simu na kwa karamu za bure kwa watu wa kaskazini waliochoshwa na theluji. Kila mnunuzi alitaka kiwanja chenye maji uani. Wengi walipata, na wajukuu wa wanunuzi hao ndio sasa wanaolipia maji hayo kwa bei yake halisi.

Niliikuta familia katika wiki za kuhuisha bima. Jioni moja, kabla ya kwenda zamu, dada alimwaga makaratasi juu ya meza ya jikoni, akayapanga kwa miaka. Mwaka wa kwanza walilipa dola 1,850. Mwaka 2025 walitakiwa kulipa 6,300. Hiyo ni ya upepo, moto na wizi. Ya mafuriko ni hati nyingine, inatoka serikalini, nayo ilikuwa zaidi ya dola 2,000.

"Kwani kimbunga hakina vyote viwili?" niliuliza.

"Kinavyo, mdogo wangu. Bima ndiyo haina."

Hapa ndipo mgeni hupotea njia. Bima ya kawaida ya nyumba inalipa upepo ukilitoboa paa na mvua ikaingia kwa juu. Bahari ikiingia kwa mlangoni, hayo ni mafuriko, na mafuriko makampuni binafsi yaliyakimbia zamani, ndiyo maana mwaka 1968 serikali kuu ya Marekani ikaanzisha mpango wake. Mpango huo hauvuki dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vyombo, hata nyumba iwe ya milioni. Kwa hiyo baada ya kimbunga watu husimama sebuleni wakibishana na mtathmini wa hasara kama sofa ililowa kutoka juu au kutoka chini. Huwa nawaza mtu aliyelala darini usiku kucha akiokoa watoto, asubuhi anaulizwa maji yalianza upande gani.

Kuna pia kiasi ambacho mwenye nyumba anajibebea mwenyewe kabla kampuni haijatoa hata senti. Kwa vimbunga kiasi hicho hakihesabiwi kwa dola mia tano kama kwenye ajali ya bomba. Kinahesabiwa kwa asilimia ya thamani iliyokatiwa bima: asilimia 2, 5, au hata 10. Nyumba ya dada imekatiwa dola 350,000. Kwa asilimia 2 waliyokuwa nayo, dola 7,000 za mwanzo zilikuwa zao.

Nilidhani mtu akizidiwa anaacha tu kulipa. Shemeji alicheka. Benki iliyowakopesha haiwaachii uamuzi huo. Kila mwezi inakata rejesho la mkopo, na pamoja nalo sehemu ya bima na kodi ya jengo, inaziweka kwenye akaunti maalumu, kisha inalipa yenyewe. Mkopo wao ni wa miaka 30 kwa riba isiyobadilika, na kweli riba haijabadilika. Rejesho la mwezi lilikuwa limepanda karibu dola 400 kwa ajili ya ile bima ya upepo peke yake. Bima ikikatika, benki itawakatia nyingine ya bei mbaya zaidi na kuwatumia bili, nayo italinda mali ya benki, vyombo vyao havimo.

"Mimi nina wenye nyumba wawili, shemeji," alisema. "Benki na bima. Nyumba yangu, lakini mpangaji ni mimi."

Paa la 2023 nalo lilikuwa na mkasa wake. La zamani lilichunwa na kimbunga Ian cha Septemba 2022. Kampuni waliyokuwa nayo wakati ule ilileta mtathmini aliyekaa dakika chache, ikakadiria ukarabati wa viraka, ikalipa nusu ya kilichohitajika baada ya miezi kadhaa ya kupigiana simu, kisha yenyewe ikafilisika. Deni lililobaki likahamia kwenye mfuko wa dhamana wa jimbo, ambao hulipia madai ya kampuni zilizokufa kwa fedha zinazokatwa kwenye bima za watu wengine wote. Dada anauona mstari huo kwenye bili yake. Analipia jeneza la kampuni iliyomdhulumu.

Kulikuwa na njia moja ya kupunguza makali. Sheria inazitaka kampuni zitoe punguzo kwa nyumba iliyofungwa vizuri dhidi ya upepo, na wa kuthibitisha ni mkaguzi mwenye leseni anayejaza fomu maalumu ya jimbo, OIR-B1-1802. Alikuja kijana wa Kikuba, mwembamba, mwenye tochi kichwani. Alizunguka nje akatazama umbo la paa. Lenye miteremko pande zote nne linapewa alama nzuri kuliko lile lenye ukuta wa pembetatu ubavuni, kwa sababu upepo haupati pa kusukuma. Akatazama madirisha. Kisha akaweka ngazi chini ya tundu la dari ya korido, akapanda, nami nikamfuata. Marehemu baba alikuwa seremala Lindi. Sikuweza kubaki chini mtu akienda kukagua kenchi.

Darini joto lilikuwa la tanuri la mikate. Kijana alitambaa juu ya mbao hadi ukingoni, pale kenchi inapokaa juu ya ukuta, akaweka rula ya manjano pembeni ya kibati cha chuma kinachozifunga pamoja, akapiga picha. Akasogea kenchi ya pili, akapiga. Ya tatu. Kisha akaguna.

"Misumari miwili," aliniambia, akinionyesha kwa ncha ya kalamu.

Kibati kilikuwa imara, hakina kutu. Lakini fomu inataka kila kibati kiwe na misumari isiyopungua mitatu. Kikiwa na miwili, nyumba inaandikwa kana kwamba haina vibati kabisa, kana kwamba kenchi zimegongwa misumari ya kuchomeka kwa mshazari basi. Na haitazamwi wastani: fungo dhaifu kuliko yote ndilo linaloandikwa. Nyumba ilijengwa 1995, na fundi wa wakati huo alitumia miwili kama alivyoruhusiwa. Kijana alikuwa muungwana. Alisema wakiongeza msumari mmoja kila kibati atarudi kupiga picha upya.

Basi Jumamosi mimi na shemeji tulikuwa darini, tumejifunga vitambaa puani, vumbi la sufi ya kuzuia joto likituwasha shingoni. Pembeni paa limeshuka mno, nyundo haina pa kupanda, kwa hiyo shemeji alikodi kimashine cha upepo kinachoenea kiganjani: unakikandamiza tu juu ya msumari kinatetemeka, msumari unazama. Tulilala kwa matumbo, mmoja akimulika, mwingine akipigilia. Nilimkumbuka baba akifunga mihimili ya wateja kwa utepe wa chuma na kuwaambia kwamba bahari ina zamu yake. Bibi alikiona kimbunga cha 1952 pale Lindi na alikisimulia mpaka anakufa, kwa hiyo kwetu kufunga paa halikuwa jambo la kubishaniwa. Lakini hakuna aliyewahi kutupa punguzo kwa ajili ya msumari. Kwetu sijawahi kumjua mtu aliyekatia nyumba yake bima ya kimbunga.

Siku iliyofuata shemeji akanipeleka pwani. Tulianza Matlacha, kijiji cha wavuvi na wachoraji chenye vibanda vya rangi ya waridi, zambarau na manjano, kilichobanwa kwenye kamba ya ardhi kuelekea kisiwa cha Pine. Ian iliikata barabara hapo, na wakandarasi wakaijaza tena ndani ya siku chache. Baadhi ya vibanda vimerudi. Vingine ni nguzo tu ndani ya maji, na ndege wa baharini juu yake.

Kisha Fort Myers Beach, kwenye kisiwa cha Estero. Tarehe 28 Septemba 2022 Ian ilitua kwenye kisiwa cha Cayo Costa, kaskazini kidogo ya hapa, kwa upepo wa kilomita 240 kwa saa, na bahari ikapanda mita 3 hadi 4 na nusu juu ya ardhi ambayo haina hata kilima cha kupandia mbuzi. Florida nzima walikufa watu zaidi ya 140. Hasara kwa Marekani nzima ilizidi dola bilioni 110, na hakuna kimbunga kilichowahi kuigharimu Florida zaidi ya hicho. Nilitegemea kuona magofu. Nilichokuta ni nafasi. Sakafu za zege zimelala juani, vigae vya bafu bado vimeshika, choo hakipo, ukuta haupo, na mbele yake kibao cha kuuza kiwanja. Pembeni yake nyumba mpya nyeupe imesimama juu ya nguzo ndefu kuliko basi, gari limeegeshwa chini ya sebule. Halafu sakafu nyingine tupu. Gati la wavuvi lililokuwa likiingia baharini lilikuwa limekwenda. Hoteli kubwa ya kitalii ilifunguliwa Desemba 2023, na siku hiyo muziki wake ulikuwa umeshafika barabarani.

Kinachofanya nafasi hizo ni kanuni moja ya mpango wa mafuriko. Nyumba iliyo chini ya kimo kinachotakiwa, gharama za kuitengeneza zikifika nusu ya thamani ya jengo, hairuhusiwi kukarabatiwa ilivyokuwa: iinuliwe au ibomolewe. Kibanda cha zamani cha mvuvi, chenye jengo la thamani ndogo juu ya kiwanja cha thamani kubwa, hufika nusu kwa kubadilisha jiko na nyaya. Wapo waliojaribu kukarabati kimyakimya. Mwaka 2024 FEMA, shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa, lilitishia kuiondolea kaunti hii na miji yake kadhaa, Cape Coral ikiwemo, punguzo la asilimia 25 la bima ya mafuriko kwa madai kwamba ukarabati haukusimamiwa. Dada aliipata barua ya jambo hilo akiwa hajagusa hata ukuta.

Katika mtaa mmoja wa nyuma tulimkuta mzee mstaafu kutoka Ohio anaishi kwenye nyumba ya magurudumu iliyoegeshwa juu ya sakafu ya nyumba yake ya zamani. Alitukaribisha viti vya turubai. Alikuwa akilipia bima karibu dola 11,000 kwa mwaka, alisema, na kampuni ilipomwandikia bei mpya aliamua basi. Hadaiwi na benki. "Nikipigwa, nimepigwa," alisema, akampa mbwa wake kipande cha mkate.

Shemeji alimhusudu waziwazi. Mimi niliwaza kwamba huyo mzee ana uhuru ambao wenye nyumba wengi huku hawana: kiwanja chake hata kitupu kinauzwa pesa nyingi. Tajiri asiyedaiwa anaweza kuikataa bima. Fukara mwenye nyumba ya mabati ya kuburutwa anakataliwa nayo. Muuguzi na fundi viyoyozi, walio katikati, ndio wanaolazimishwa kuinunua kwa bei yoyote itakayotajwa.

Kisiwa cha Sanibel tulipita tu. Barabara ya kuvuka bahari, iliyokatika sehemu kadhaa siku ya Ian, ilifunguliwa tena kwa umma tarehe 19 Oktoba 2022, wepesi wa kustaajabisha. Mnara wa taa wa mwaka 1884 ulipoteza mguu mmoja wa chuma kati ya minne na haukuanguka. Watalii wanaokota simbi wameinamisha migongo. Nyumba za kule bei zake shemeji hakutaka nizisome kwa sauti.

Mtu aliyenifungua macho ni wakala wao wa bima, mama wa Puerto Rico mwenye ofisi ndogo kati ya saluni na duka la pizza huko Fort Myers. Dada alikuwa anapeleka fomu mpya ya mkaguzi, misumari mitatu ikiwa imeonekana kwenye picha. Mama yule ana namna ya kueleza akichora nyuma ya bili.

Alianza na duara la kimbunga Andrew. Tarehe 24 Agosti 1992 kimbunga hicho kiliifagia Homestead, kusini mwa Miami. Kampuni karibu kumi zilifilisika, na zile kubwa za nchi nzima zikashtuka, zikaanza kupunguza wateja wa Florida. Jimbo likaanzisha mfuko wake wa maafa ya vimbunga mwaka 1993, baadaye likaandika kanuni kali za ujenzi zilizoanza 2002. Pengo lililoachwa na wakubwa likazibwa na kampuni ndogo za humu humu, zenye mtaji mwembamba. Hizo peke yao haziwezi kubeba kimbunga, kwa hiyo nazo hukata bima mtawanyo: kampuni ya bima inakatiwa bima na kampuni kubwa zaidi, London, Zurich, Munich na Bermuda. Mikataba mingi ya Florida huanza upya Juni 1, siku unapoanza msimu wa vimbunga. Bei ikipanda huko, inashuka mpaka jikoni kwa dada. Bermuda yenyewe, mama alicheka, ni kisiwa kinachopitiwa na vimbunga.

Kisha akachora duara la pili, la mahakama. Kwa miaka mingi Florida ilikuwa na chini ya asilimia 10 ya madai yote ya bima za nyumba Marekani, lakini zaidi ya asilimia 70 ya kesi. Makandarasi walikuwa wakigonga milango: tia sahihi hapa, utapata paa la bure. Ukitia, haki yako ya kudai inahamia kwao, wanashitaki, na kampuni ikishindwa inalipa pia wakili wao. Desemba 2022 Bunge la jimbo lilifuta mambo hayo yote mawili. Kampuni mpya zimeingia, na nyingine zimeomba kushusha bei kidogo. Mama alilisifu hilo. Mimi sikulisifu kwa moyo wote. Dada alipopunjwa mwaka 2022 angeweza kupata wakili bila kutoa pesa mfukoni. Akipunjwa leo, itabidi kwanza apige hesabu kama haki yake inalingana na gharama ya kuidai. Walaghai wamefungiwa mlango, na aliyedhulumiwa amefungiwa pamoja nao.

"Na Citizens?" aliuliza dada.

Citizens ni shirika la umma lililoundwa 2002 liwe kimbilio la mwisho la anayekataliwa kote. Mwaka 2023 kimbilio la mwisho lilikuwa na wateja wapatao milioni 1.4, kubwa kuliko kampuni yoyote ya jimbo. Serikali iliogopa: Citizens ikielemewa, upungufu unachangwa na wenye bima karibu wote wa Florida, hadi wa magari. Ikaanza kuwasukuma wateja kwenye kampuni binafsi, na mwisho wa 2024 walikuwa wameshuka chini ya milioni. Kampuni binafsi ikikupa bei isiyozidi ya Citizens kwa zaidi ya asilimia 20, huna hiari, unahama. Jirani wa kushoto alihamishwa hivyo kwenda kampuni ambayo, alipoitafuta, ilikuwa changa kuliko paa lake.

Mwisho wa juma tulikwenda Babcock Ranch, mji mpya kaskazini-mashariki, mbali na bahari, uliobuniwa na mchezaji wa zamani wa kandanda ya Kimarekani, Syd Kitson. Wakazi wa kwanza waliingia 2018. Uko karibu mita 9 juu ya usawa wa bahari, nyaya za umeme zimezikwa, barabara zimepangwa zibebe maji ili nyumba zisibebe, na umeme unatoka kwenye shamba kubwa la paneli za jua. Ian ilipita juu yake na taa hazikuzimika. Niliuona uthibitisho kwamba nyumba ya kuhimili kimbunga inawezekana. Niliona pia bei kwenye vibao. Aliyeshauza Cape Coral kwa faida anaweza kuhamia. Anayedaiwa, na nyumba yake inapungua bei kila bima inapopanda kwa sababu mnunuzi naye anaulizia paa kwanza, hawezi.

Njiani kurudi nilimuuliza dada kwa nini wasihame jimbo kabisa. Akaniambia walishachagua mahali: Asheville, milimani North Carolina, mamia ya kilomita kutoka baharini. Walishaongea mpaka na hospitali. Kisha mwishoni mwa Septemba 2024 kimbunga Helene, kilichotua Florida, kikapanda hadi kule na mvua zake. Mito ikabeba nyumba na madaraja, na nyumba zenye bima ya mafuriko huko zilikuwa za kuhesabika. Siku chache baadaye, Oktoba 9, Milton ikatua Siesta Key, pwani yao wenyewe. Dada alikuwa zamu. Simu yake ilikuwa na ujumbe kutoka kwa rafiki wa Asheville akiuliza kama Florida ni salama ahamie.

Majibu ya wakala yalikuja kabla sijaondoka. Msumari wa tatu umekubaliwa: dola 710 zimepungua kwenye bima ya upepo. Barua ya mafuriko ilikuja siku hiyo hiyo, nayo imepanda. Tangu 2021 serikali inapima hatari ya kila nyumba peke yake, na kwa nyumba anayoishi mwenyewe bei inaruhusiwa kupanda hadi asilimia 18 kwa mwaka mpaka ifike inapotakiwa. Ya dada ilikuwa bado haijafika.

Wakala alipendekeza njia ya kupunguza zaidi: kiasi cha kujibebea kitoke asilimia 2 kiende 5. Bili ingeshuka karibu dola elfu moja. Kimbunga kikija, watalipa dola 17,500 za mwanzo wenyewe.

"Tunazo?" aliuliza dada.

"Hatuna," alisema shemeji.

Dada alitafuta kalamu kwenye mkoba wa kazini, akatia sahihi kwenye asilimia 5, akamwachia shemeji karatasi aipige picha na kuituma. Zamu ilikuwa inaanza saa moja usiku, na daraja la kuvuka mto hujaa.